Mchora Sura na Uso wa Mamangu

Mchora sura hakuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni. Ukifika barazani kwake pale Shela, hapa Malindi, ukamwamkia, alikuitikia vizuri tu, marahaba, hujambo, wa nyumbani hawajambo, lakini macho yake yalikuwa yameshatua sikioni mwako, au chini ya pua, au pale shingo inapoingia ndani ya ukosi wa shati. Wageni walidhani ana makengeza. Mimi nilidhani ananidharau, na mimi si mtu wa kudharauliwa. Shule niliiacha darasa la tatu. Nimebeba magunia ya chumvi Marereni mpaka mabega yakaota sugu kama ya punda, na leo ukiuliza mjini ni nani anayepeleka chumvi bara, utaonyeshwa malori yangu kabla hujamaliza swali. Mtu wa namna hiyo akisemeshwa huku anatazamwa sikio, hukasirika.

"Usikasirike, Bwana Chumvi," aliniambia. Hilo ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza, na hakulibadilisha. "Macho ya mtu yanajua kuwa yanatazamwa. Sikio halijui."

Sasa mgongo umenichoka kwa safari za Garissa, na daktari ameniambia nipunguze. Nikikaa kupumzika, watu walionipa faida siwakumbuki hata nyuso zao. Yeye namkumbuka, ijapokuwa hakunisifu hata mara moja, na watu wasionisifu huwa nawasahau upesi.

Baraza ile haikuwa yake. Ilikuwa ya fundi cherehani, naye mchora sura alikalia upande wa kivuli, kwenye kigoda, na ubao wa kuchorea magotini. Kalamu zake za risasi alizichonga kwa wembe, ncha ndefu kama mwiba wa nungu, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Kufuta alifutia kipande cha ndani cha mkate wa boflo, akikifinyangafinyanga mpaka kikawa laini kama nta, na makombo yakimwanguka miguuni kuku wa jirani walikuja kuyadonoa. Kazi ikiwa ngumu, kuku walishiba. Fundi cherehani alikuwa akisema, "Leo mzee anachora mtu mwongo, tazameni kuku walivyonenepa."

Maana hivyo ndivyo alivyoamini, kwamba kila mtu anapokaa kuchorwa husema uwongo kwa uso. Hukaza taya, huinua nyusi, hujifanya mkubwa au mwema. Meno ndiyo aliyoyachukia kuliko vyote. Miaka ile ya themanini Wataliani walipozidi mjini, walimjia kutoka mahoteli yote, wakakaa mbele yake wakicheka, na yeye akangoja. Hakumwambia mtu usicheke. Aliweka tu penseli chini akaanza kuzungumza na fundi cherehani juu ya bei ya vitambaa. Wengi waliondoka kwa hasira. Wale waliobaki mpaka vicheko vikawaisha, akawachora, nao wakaondoka na sura zao.

Nami nilikaa pale siku moja, nataka picha ya kutundika dukani, juu ya mizani. Nilivaa koti. Nikakaa kama mwenye mali anavyokaa, kifua mbele. Mzee akauliza habari za chumvi. Nikamweleza. Akauliza njia ya Garissa ikoje wakati wa mvua. Nikamweleza. Nilieleza jinsi lori lilivyokwama, jinsi nilivyowakemea vibarua maturubai yaliporuka, jinsi Mwarabu mmoja alivyotaka kunipunja nikamshinda. Alasiri ikaingia, na karatasi bado nyeupe.

"Mzee, mimi nimechoka sasa," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, akachukua penseli. "Ndiye huyo niliyekuwa namngoja."

Alipomaliza nilitaka kuichana. Alinichorea mtu aliyeinama bega moja, mashavu yameshuka, mdomo wa kizee wa mtu aliyeambiwa jambo halafu akalikubali. Nikamwambia huyu si mimi. Fundi cherehani akachungulia. "Ni wewe, Bwana Chumvi. Ni wewe hasa ukishahesabu magunia." Mke wangu alipoiona, alikwenda kuniwekea maji ya kuoga bila kuambiwa. Sikuitundika dukani. Lakini sikuichana.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Huyo aliyeishi kwa kuchora nyuso za watu, nyumbani kwake hakukuwa na uso hata mmoja ukutani. Mkewe alikuwa mtu wa dini sana, na alisema malaika hawaingii nyumba yenye sura. Mzee hakubishana naye. Picha zote alizilaza kwa fundi cherehani, ndani ya mfuko wa unga, na kabla ya kuingia kwake alinawa mikono mpaka risasi yote ikatoka kuchani. Nilimuuliza mbona hajawahi kumchora mkewe. Akasema, "Yule nikikaa kumtazama nasahau kuchora." Nikadhani ni mahaba. Baadaye nikamsikia akimwambia fundi maneno yale yale kuhusu ng'ombe wa maziwa.

Majina ya watu hayakukaa kichwani mwake kabisa. Angekukuta njiani miaka miwili baada ya kukuchora, asijue wewe ni nani mwana wa nani, ila angesema, "Habari za tundu lile la kushoto la pua? Bado linakuwa dogo kuliko mwenzake?" Watu walicheka, lakini wapo waliochukia. Bwana mmoja wa Mambrui alikataa kumwamkia tena.

Na alikuwa na maneno yake. "Anayejua pua ni kitu gani," alisema, "hawezi kuichora, kwa sababu atachora anachokijua." Tena: "Kufanana hakumo katika macho wala mdomo. Kumo katika nafasi baina yake, na nafasi haina jina, ndiyo maana watu hawaioni." Alikuwa akinyoosha mkono na penseli, akafumba jicho moja, akapima kwa ukucha wa kidole gumba kutoka puani hadi kidevuni, kisha anaigeuza karatasi kichwa chini aitazame hivyo hivyo. Nilimuuliza anatafuta nini. "Ikiwa juu chini si mtu tena, ni mistari. Mistari haina haya, hunionyesha ilipokosea."

Basi mtu kama huyo ndiye niliyempelekea haja yangu kubwa, na haja yenyewe ni hii. Mama yangu alikufa kwetu Tezo mimi nikiwa bado natambaa, au niseme ndio kwanza nasimama kwa kushika ukuta. Picha hakupigwa. Nani angempiga? Mimi nina nyumba ya mawe, nina saa ya ukutani inayoimba, nina viti ambavyo mtu akikaa anazama, lakini uso wa aliyenizaa siujui. Nilikuwa nikipita mjini naona vijana wasio na kitu, wakitembea na mama zao, mama anamfuta mwanawe jasho kwa upindo wa leso. Nilikuwa natazama kando.

"Mzee," nikamwambia, "nichoree mama."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Nani anamjua?"

Nikasema hilo rahisi. Kwetu sisi, mwanamume akipata binti wa kwanza humpa jina la mama yake. Basi binti yangu mkubwa ndiye mama. Toka kuzaliwa namwita mama, dada yangu humwita mama, ukoo mzima hupita ukisema, tazameni marehemu alivyorudi, tazameni mwendo ule, tazameni macho yale. Nikampeleka binti barazani. "Huyu hapa ndiye mama mwenyewe. Mzeeshe tu kidogo."

Mzee akamkalisha, akangoja mpaka binti akachoka, akamchora, akamshusha mashavu na kumtia mistari penye macho. Dada yangu mkubwa akaja kutoka Tezo kuiona, akapiga vigelegele barazani mpaka kuku wakaruka. "Ndiye! Ndiye, ndugu yangu!" Yeye alikuwa msichana mama alipokufa, kwa hiyo nani wa kumpinga?

Mzee peke yake hakufurahi. "Dada yako alianza kushangilia kabla sijaigeuza karatasi," akaniambia. "Hebu tuipeleke huko kwenu."

Nikampakia ndani ya lori langu jipya, mbele, karibu na dereva, ili watu wamwone, tukamchukua na binti, tukaenda Tezo. Tukakaa uani kwa dada, chini ya makuti ya jiko, ndugu wakapita mmoja mmoja wakasema ndiye, ndiye. Ndipo akapita mwanamke mmoja mzee na mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa mama mdogo, mke wa pili wa baba yetu, aliyekuwa bado anakaa boma lile lile nyuma ya minazi. Dada hasemi naye. Mimi humpelekea chumvi sikukuu, basi.

"Muna nini hapo?" akauliza. Akaitazama picha bila kutua mzigo, akacheka. "Aa! Hapo mumechora jina lake. Mwenyewe yuko wapi?"

"Pita zako, mama mdogo," dada akasema. "Hukuitwa."

Mzee akainua kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu machoni.

"Huyu ni nani?"

"Mke mwenza wa mama," nikasema. "Hawakupatana."

"Waligombana?"

"Kila siku ya Mungu," dada akadakia, "mpaka mama anaingia kaburini."

"Na ninyi muda wote huu munaniletea watu waliompenda!" Mzee akachukua ile picha akampa binti yangu. "Chukua, mwanangu, hii ni yako. Utaifikia uzeeni, inshallah." Kisha akamgeukia mama mdogo. "Bibi, tua kuni, kaa. Nieleze, huyo mwenzio alikuwa akikutukana vipi?"

Dada akasimama kuondoka. Nikamshika mkono. Mama mdogo naye akasitasita, anatazama viatu vya mzee, anatazama lori langu kule nje. Halafu akatua kuni, akakaa juu yake.

"Kunitukana? Laiti angenitukana, ningemjibu. Alikuwa akininyamazia. Akishaninyamazia kutwa nzima, jioni anasema neno moja tu." Akanyoosha shingo. Kidevu kikageukia bega la kushoto, ukope mmoja ukashuka chini kuliko mwenzake, mdomo wa chini ukaingia ndani. "'Haya, mwenye nyumba, tumesikia.' Hivyo! Mimi, mwenye nyumba! Na paa langu linavuja kama kichujio!"

Ndugu wakacheka. Hata dereva wangu alicheka. Mzee hakucheka, kwa sababu penseli ilikuwa imeshaanza kwenda.

"Rudia, bibi."

"'Haya, mwenye nyumba, tumesikia.'"

"Na mume akimwita?"

"Akiitwa? Haji upesi." Kidevu kile, ukope ule. "'Mwambie nakuja, akiwa bado yupo.'"

"Na mtoto akilia?"

Ikawa hivyo mpaka jua likahama jikoni. Mzee alikuwa haulizi mdomo ulikuwaje, pua ilikuwaje, anauliza alisema nini, alikataaje, aliagaje. Na kila mama mdogo alipomsema, uso ulimjia, ule ule, umelala pale pale. Nilielewa siku ile kwamba mtu unayempenda humtazami, unamwona tu. Mtu unayegombana naye ndiye unayemchungulia kila kunapokucha, ujue leo ameamkaje. Miaka yote ile alikuwa ameutunza uso wa adui yake ili apate kuuchekea.

Kisha mama mdogo akachoka. Sauti ya dhihaka ikamwisha. Akafuta jasho, akasema polepole, "Siku zile za mwisho hakuwa na nguvu ya kujigeuza. Huyu dada yenu alikuwa mdogo, angemwezaje? Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza. Aliniambia..." Kidevu kikaenda begani, ukope ukashuka, lakini safari hii hakuwa anaigiza. "'Mwenye nyumba, nigeuze. Ubavu huu umechoka.'"

Dada akaweka leso mdomoni. Hilo hakulijua. Hakuna aliyelijua pale.

Mzee akachora, akaigeuza karatasi juu chini, akafuta kidogo na boflo, akairudisha. Kisha akainyanyua ili wote waione.

Mama mdogo akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mtoeni hapo! Mtoeni, ataanza!" Akavuta kuni zake, halafu akazitupa chini, akakaa tena akalia. Dada akaisogelea karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Huyu," akasema, "huyu alikuwa akinichapa kwa mwiko." Akawa analia huku anacheka. Nikamsikia akisema, "Sogea, mama mdogo, jua litakupiga," na nilikuwa sijawahi kumsikia akimsogeza mwanamke yule popote ila nje.

Nami nikatazama. Niliona mwanamke mwembamba, ukope mmoja umelala, mtu ambaye kama ningempita njiani ningempisha na kuendelea na safari yangu. Nikangoja kitu kinijie kifuani. Nilingoja kwa bidii, kama mtu anayewasha injini iliyolowa. Hakuna. Wote walikuwa wamempata mtu wao. Mimi, niliyelipia mafuta ya gari, nilikuwa nimeshika karatasi.

Njiani kurudi nikamwambia mzee, "Mtilie hereni basi. Za dhahabu. Na mashavu kidogo."

"Mashavu ya nani hayo?"

"Ya mama wa mtu kama mimi."

"Basi mtafute huyo mama wa mtu kama wewe, umpeleke kwa mchoraji mwingine. Mimi nimekuchorea wako." Akafumba macho, akalala mpaka Malindi, kichwa kinagonga kioo. Alikuwa amechoka kuliko nilivyopata kumwona.

Nikaitia picha kioo na fremu ya mninga, fremu nzuri kuliko zote mjini, nikaitundika sebuleni. Wageni wakaisifu. Dada akija hukaa mbele yake na kumweleza habari za Tezo. Mimi nilikuwa naipita kama mtu anayempita mgeni wa mkewe, kwa adabu, bila maneno. Miaka ilikwenda hivyo.

Mara ya mwisho nilipomtembelea mchora sura, alikuwa amekaa pale pale barazani kwa fundi, bila ubao. Macho yameingia ukungu, mtoto wa jicho, yote mawili. Nikakaa chini kwenye mkeka, mimi na uzito wangu huu, nikamwamkia.

"Marahaba, Bwana Chumvi. Umekonda shingo."

"Unanionaje mzee, na macho hayo?"

"Sauti inatoka mahali pembamba."

Nikamwambia nitampeleka Mombasa kwa madaktari, gari langu lipo, uwezo ninao, asijali kitu. Akatikisa kichwa. "Yamefanya kazi. Yaache yakae." Akawa anafinya kitu mkononi, nikaona ni kipande cha boflo, anakifinya tu bila kazi. Akauliza, "Na yule mama? Umemzoea?"

Kwa mtu mwingine ningedanganya. Lakini mimi na kuchoka kwangu, na yeye na macho yale, nikaona ya nini. "Bado, mzee. Wanasema ni yeye, nami naamini. Lakini simjui."

"Utamjuaje? Na yeye hakujui wewe. Aliacha kitoto kinashika ukuta, leo anatazamwa na baba mzima mwenye mvi, hata jina lako hujamwambia. Ungekuwa wewe, ungemfungulia uso mtu kama huyo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilirudi nyumbani adhuhuri, watu wamelala. Nikavuta kiti mbele ya picha, nikakaa. Nikajitaja jina. Nikamwambia mimi ndiye mwanawe wa mwisho, yule wa kushika ukuta. Nikaanza kumweleza habari za Marereni, jinsi nilivyoanza na magunia, jinsi nilivyopata lori la kwanza, la pili, nyumba hii, viti hivi, na kadiri nilivyoendelea nikaona ule ukope umelala vile vile, mama wa watu anasikiliza tu, na maneno yangu yote mazuri ya siku zote hayapati pa kukaa. Nikayaacha. Nikafikiri mtu aliyeacha mtoto mchanga angependa kuulizia nini.

"Nimekula, mama," nikamwambia. "Nimekula, nimeshiba."